Saa za Bahari

Sisi watu wa maziwa tumezoea maji yenye adabu. Ukiuacha mtumbwi wako jioni ufukoni mwa Tanganyika, asubuhi utaukuta palepale, isipokuwa tufani imevuma usiku au mwivi amepita. Ni kweli kwamba ziwa nalo hupanda. Mwaka 2024 liliingia hata katika nyumba za watu huko Uvira na Kalemie. Lakini lilipanda polepole, juma kwa juma, likishibishwa na mvua nyingi. Bahari haingoji mvua. Bahari hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kiangazi na masika. Mimi niliyelelewa ziwani nililijua jambo hilo kwa kulisoma tu, mpaka Jumatatu ya Pasaka ya mwaka 2022.

Nilikuwa nimekwenda Ulaya kumtembelea dada yangu mkubwa, akaaye Lille, kaskazini ya Ufaransa, pamoja na watoto wake wawili: mvulana wa miaka 11 na msichana wa miaka 7. Wakati huo ndipo baridi inapoondoka na miti inapochipua. Watu waliofungiwa ndani miezi mingi hutoka kama siafu baada ya mvua, kila mmoja akilitafuta jua. Dada akasema, "Ndugu yangu, nawe usirudi nyumbani hujaiona bahari." Tukaazimu kwenda Cap Blanc-Nez, yaani Rasi ya Pua Nyeupe, karibu na mji wa Calais.

Rasi hiyo ni jabali la chaki, lenye kimo cha meta 134 juu ya bahari. Chaki ile si kitu kingine ila maganda ya viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, yaliyotuama katika kilindi cha bahari ya kale zaidi ya miaka milioni 90 iliyopita. Juu ni nyeupe kama unga wa muhogo. Chini ni ya kijivu, na maji hayapenyi upesi ndani yake. Ndiyo sababu mafundi walioichimba njia ya reli ipitayo chini ya bahari mpaka Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1994, waliifuata tabaka hiyo ya kijivu.

Shauri langu lilikuwa hili: tushuke ufukoni kwenye bonde dogo la kijiji cha Escalles, tutembee mchangani chini ya jabali mpaka Sangatte, kisha turudi kwa njia ya juu, katika majani. Kutembea chini kwawezekana tu maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa, hakuna mchanga tena. Mawimbi hulipiga jabali lenyewe, na ukutani hakuna ngazi. Basi nikanunua kijitabu cha saa za maji, kama wafanyavyo wenyeji.

Hapa yanipasa kueleza kidogo. Waswahili wa pwani, ambao kwao lugha yetu imetoka, wana maneno mazuri ambayo sisi wa bara tumeyasahau kwa kukosa kuyatumia. Maji yakipanda, husema yanajaa, yakishuka, yanakupwa. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndio kwanza umeandama, bahari hujaa sana na kukupwa sana: hiyo ni bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji husogea kidogo tu, nao huyaita maji mafu. Tena bamvua kubwa kupita zote huja karibu na siku zile ambazo mchana na usiku ni sawa, mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba. Sasa fikirini: Pasaka huwekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi. Kwa hiyo sikukuu yetu haikai mbali na mwezi mpevu, na mara nyingi bamvua huwa jirani yake. Mwaka ule mwezi ulikuwa mpevu Jumamosi Kuu yenyewe. Pwani ya Calais, siku kama hizo, maji hupanda zaidi ya meta 6, yaani nyumba mbili zilizopandana.

Kijitabu kilionyesha kwamba maji yatakuwa yamekupwa kabisa baada ya saa 3 asubuhi. Nikakumbuka kwamba Wazungu huzisogeza saa zao mbele mwishoni mwa Machi, na kwamba vijitabu vingine haviihesabu saa hiyo. Basi nikaongeza saa moja, nikajiona mwerevu. Nikamwambia dada, "Tukishuka saa 4 tutakuwa na nafasi tele."

Saa 4 tukashuka. Ee, ulikuwa uzuri! Mkono wa kuume jabali jeupe likiwaka kwa jua. Mkono wa kushoto bahari ya kijani, mbali. Juu, ndege weupe wafananao na shakwe wakielea bila kupiga mabawa, wakiyarudia matundu yao. Kabichi ya mwitu, bibi wa kabichi zetu za bustani, imejishikiza katika nyufa mahali ambapo hata mbuzi asingethubutu. Mpwa wangu aliona katika jiwe lililoanguka alama ya konokono mkubwa aliyegeuka mwamba, mviringo ndani ya mviringo. Tukakaa hapo muda mrefu. Msichana alijenga ukuta wa mchanga, akauzungushia kokoto.

Yapata saa 5, mzee mmoja mwenyeji, aliyekuwa akiokota kome miambani, alitupita akirudi tulikotoka, ndoo mkononi. Akasimama, akatutazama mmoja mmoja, akaniuliza, "Bwana, mnakwenda wapi na watoto hawa?" Nikamjibu kwamba maji bado ni machache. Akatikisa kichwa. "Maji yanapanda karibu saa mbili sasa," akasema, naye hakungoja jibu.

Mpwa wangu akakitwaa kijitabu, akafungua ukurasa wa kwanza ambao mimi sikuusoma. Akasema kwa sauti ndogo, "Mjomba, imeandikwa hapa kwamba saa ya kiangazi imekwisha kuhesabiwa."

Nikageuka kuitazama bahari. Mwamba ambao nusu saa kabla tuliupita kwa miguu mikavu sasa ulikuwa kisiwa. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja: mwanzoni hujivuta, mwishoni hujivuta, lakini katika saa za katikati hukimbia. Nasi tulikuwa tunaingia katika saa hizo. Tena pwani ile ina mtego wa pili. Bahari inapokusukuma, inakusukuma kwenye mguu wa jabali, na ndipo mawe yaangukapo, hasa mwisho wa baridi, baada ya barafu na mvua kuipasua chaki. Vibao vinaonya jambo hilo. Nilivisoma kama mtu asomavyo tangazo la sabuni.

Dada hakunilaumu. Alimshika mwanawe mkono, akasema, "Twende, tusikimbie." Nikambeba msichana mgongoni. Mpwa wangu alikuwa akihesabu hatua kwa sauti, nadhani apate kuizuia hofu. Palikuwa na pembe moja ya jabali iliyotokeza mbele, na hapo mchanga ulikuwa umekwisha. Tuliingia majini na viatu vyetu, kwa kuwa mawe ya gumegume hukata kama wembe. Maji yalifika magotini, baridi ya kuuma mifupa, na kila wimbi lilipojirudi lilivuta miguu yetu. Hatua 20, labda 30. Kisha tukaliona bonde, na watu wameketi wakila mikate.

Viatu vikichuruzika tulipanda juu kwa njia ya majani. Huko juu mashamba ya kolza yalikuwa manjano tupu, na uwanja wa rasi bado una mashimo ya mabomu ya vita ya mwaka 1939 hadi 1945, ambayo sasa yameota majani na watoto huteremka humo kwa kujibiringisha. Ng'ambo tuliiona Uingereza, mstari mweupe, kama kilometa 35 tu. Mpwa wangu akasema, "Mbona ni karibu hivi?" Dada akamwambia habari ya tarehe 24 Novemba 2021, miezi mitano tu kabla ya siku ile. Mtumbwi wa mpira uliojaa wageni, Waafrika wakiwamo, ulizama katika mlango huu wa bahari, na watu wasiopungua 27 wakafa. Wengi hudanganywa na macho kama mtoto huyu, nao wauzao nafasi katika mitumbwi hiyo hawawaambii neno juu ya mikondo ya maji. Dada akafanya ishara ya msalaba, nasi tukafuata.

Tulipofika juu ya mahali tulipokuwa tumekaa, nililala kifudifudi, mbali na ukingo, nikachungulia. Hapakuwa na mchanga. Hapakuwa na ukuta wa kokoto. Wimbi lilikuja, likalipiga jabali, na baada ya kitambo kidogo tukausikia mshindo wake chini ya vifua vyetu.

Tulikula wali baridi na samaki aliowakaanga dada usiku. Baada ya kula aliomba kijitabu. Akatoa kalamu katika mkoba wake, akaandika juu ya jalada, kwa herufi kubwa, neno moja: USIONGEZE. Kisha akamkabidhi mwanawe akitunze, si mimi.