Msituite Chipukizi

Kuna neno moja nataka litoke midomoni mwa watu wanaoshughulika na vitabu. Neno lenyewe ni "chipukizi". Mwandishi chipukizi. Vipaji chipukizi. Semina ya waandishi chipukizi. Ukilisikia haraka haraka utadhani ni neno la mapenzi, la mkulima anayetazama mche wake ukichomoza. Mwaka uliopita umenifunza kwamba si la mapenzi hata kidogo. Ni bei. Ni namna ya kistaarabu ya kusema: huyu hatumlipi.

Hebu tuulizane, vijana wenzangu. Saidia fundi anayebeba zege siku yake ya kwanza, jioni hapewi chake? Dada aliyeanza kusuka wiki hii, akimaliza kichwa cha mteja halipwi? Konda mgeni wa daladala anafanya kazi bure mpaka akomae? Hakuna. Mwandishi peke yake ndiye ambaye kazi yake inachapwa, inauzwa na kusomwa, halafu anaambiwa asubiri akue.

Nina miaka 24, elimu yangu ni kidato cha nne, na riwaya yangu ya kwanza ilikaa ndani ya kaunta buku nne kabla sijapata fedha za kuipeleka stesheneri ikachapwe. Siyasemi haya ili nihurumiwe. Nayasema kwa sababu ndiyo yaliyotumika dhidi yangu. Mwaka uliopita mchapishaji mmoja wa hapa Dar es Salaam, ambaye simtaji, aliniita ofisini kwake. Mswada alikuwa ameupenda. Akanisukumia karatasi mbili na kalamu. Shilingi laki tatu, mara moja basi, na "haki zote za kazi hii" zinahamia kwake. Nikasema, mzee, naomba nikasome nyumbani. Akacheka. "Dogo, wewe bado chipukizi. Wenzako wanatoa hela zao ili wachapwe, wewe unapewa halafu unaleta maswali?"

Sikusaini. Nilichukua mswada wangu nikaondoka. Na tangu siku ile nimejifunza mambo ambayo shuleni, pamoja na miaka yote ya kuchambua fani na maudhui, hakuna aliyetugusia. Tulijua kutofautisha tashibiha na tashihisi. Kutofautisha mkataba mzuri na mkataba wa kunyongwa, hilo halikuwemo kwenye mtihani.

Somo la kwanza ni hesabu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ya huku Tanzania Bara, inailinda kazi yako tangu unapoitunga. Haihitaji mhuri wa mtu ndipo iwe yako. Na sheria hiyo iliweka ulinzi udumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Sasa chukueni kalamu. Mimi nina miaka 24. Mungu akinijalia nikafika 70, hiyo ni miaka 46. Ongeza 50 ya kaburini, inakuwa miaka 96. Laki tatu gawanya kwa 96: shilingi 3,125 kwa mwaka. Sahani moja ya chipsi mayai, kwa mwaka mzima, kwa kitabu kizima! Na wajukuu zangu wangekuwa wanaona kitabu cha babu yao dukani huku hawana haki hata ya senti.

Tena "haki zote" si kuchapa kitabu tu. Ndani ya maneno hayo mawili imo filamu, umo mchezo wa redio, imo tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa, umo usomaji wa kurekodiwa sautini. Mtu anakulipa bei ya chumba kimoja kisha anahamia nyumba nzima. Ukilalamika anakuonyesha sahihi yako. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mwandishi ni kusoma anachowekewa mbele. Anayesema mkataba hausomwi nyumbani ana kitu ambacho hataki kionekane kwenye mwanga.

Somo la pili: kuna mchapishaji na kuna mpiga chapa. Hawa ni watu wawili, ingawa mjini wanapenda kuvaa koti moja. Mpiga chapa ana mashine. Unampelekea kazi yako, unamlipa, anakukabidhi nakala zako, mmemalizana. Ni biashara halali kabisa. Mchapishaji ni yule anayekiamini kitabu chako mpaka anatoa fedha zake mwenyewe: analipa mhariri, mchoraji wa jalada, karatasi na usambazaji, kisha anasubiri soko. Kwa sababu ameibeba hasara, ana haki ya kuchukua fungu kubwa la faida. Haya, yule anayekudai wewe gharama zote, kisha akitoka hapo anataka na haki zako, huyo tumwite nani? Jina lake lipo kwenye Kiswahili cha kijiweni, lakini mhariri wetu hatalipitisha.

Kama unaamua kujichapisha mwenyewe, jichapishe kwa macho makavu. Namba ya ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Haitoki kwa "meneja" wa kukutana naye kwenye baa. Jua nakala ngapi unaweza kuziuza kabla hujajua ngapi unataka kuzichapa. Vitabu vilivyojaa uvunguni haviongezi hadhi ya mwandishi, vinaongeza panya.

Somo la tatu ni mrabaha. Wengi wetu tukisikia "utapata asilimia kumi" tunatoka ofisini tukipiga mluzi. Asilimia kumi ya nini? Tuchukulie kitabu kinauzwa shilingi 10,000 dukani. Asilimia kumi ya bei ya dukani ni 1,000 kwa nakala. Lakini kama mkataba unasema asilimia kumi ya kile kinachomfikia mchapishaji, na mwenye duka alipunguziwa asilimia 40, basi wewe unahesabiwa kutoka 6,000, unapata 600. Neno dogo tu kwenye mstari mmoja, na katika nakala elfu moja umepoteza laki nne. Uliza pia: nitaletewa hesabu mara ngapi kwa mwaka? Nakala zikiisha na wewe huchapi tena, haki zangu zinarudi lini? Ukimuuliza mchapishaji wa kweli maswali haya hakasiriki, ameshayazoea. Anayekasirika amekujibu tayari.

Sasa naja kwenye uongo mkubwa, ule unaosemwa kila penye semina na chai ya maziwa: "Watanzania hawasomi." Kwa nini hamtulipi? Watanzania hawasomi. Kwa nini kitabu hakifiki Mbagala? Watanzania hawasomi. Wallahi huu umekuwa wimbo wa kubembelezea watoto.

Mimi nakaa na watu wanaosoma. Nimewaona wakigombea gazeti la jana kwa kinyozi kwa sababu ya hadithi ya ukurasa wa ndani. Leo wananunua hadithi kwa vipande kwenye simu, wanatuma hela kidogo kidogo, na kipande kikichelewa wanamtukana mtunzi. Hiyo ni njaa ya kusoma, tena njaa kali. Kabla yetu, Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na jina la mpelelezi yule bado linatajwa na baba zetu kama la jirani yao. Ben Mtobwa aliandika, akaanzisha na kampuni yake ya kuchapisha. Hawa waliandikia watu wa mjini wanaopanda basi, na watu wa mjini waliwasoma. Kinachokosekana ni kitabu chenye bei ya mtu wa kawaida, mahali ambapo mtu wa kawaida anapita. Usimlaumu mteja kwa duka uliloamua kulifungua barabarani kwake mara moja kwa mwaka, siku ya maonyesho.

Na hoja ya umri nayo tuizike. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944, na Rosa Mistika ikatoka mwaka 1971. Alikuwa na miaka 27 au chini, na kitabu kile kiliwatikisa wakubwa mpaka kikazuiwa mashuleni. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alizaliwa 1918, na Mzimu wa Watu wa Kale ikachapwa kitabu mwaka 1960, baada ya kushinda shindano la uandishi. Huyo alikuwa amevuka miaka 40. Yupi kati yao alikuwa chipukizi? Kijana wa 27 au mtu mzima wa 42? Swali lenyewe ni la kipuuzi. Kitabu kinasimama au kinaanguka. Hakiombi cheti cha kuzaliwa.

Basi, nimewapiga wakubwa vya kutosha. Sasa na sisi tusikilizane, maana nyani haoni kundule.

Kuna wenzetu wanaolipenda neno hili. Wanajificha ndani yake. Kazi ikiwa na tahajia mbovu: "Mimi bado chipukizi." Wahusika wote wakiongea kwa sauti moja: "Mimi bado chipukizi." Wameandika rasimu moja usiku wa Jumamosi, Jumatatu wanauliza soko liko wapi. Huwezi kudai ujira wa fundi ukiwa unaleta kiti cha miguu mitatu. Mwaka huu mswada wangu nimeuandika upya mara tatu, na mara ya tatu nilikata sura mbili nzima nilizozipenda kuliko zote, kwa sababu msomaji wangu wa kwanza, muuza mitumba asiyejua kitu kinaitwa maudhui, alisinzia palepale mara mbili. Hakunipa nadharia. Alisinzia. Ule ulikuwa uhakiki tosha.

Kuna pia wenzetu wanaoona haya kufanya kazi nyingine. Eti msanii wa kweli haajiriwi. Shaaban Robert, ambaye leo tunamwapia, alikuwa karani wa forodha wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, na aliandika huku anapanga mafaili ya watu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alifundisha chuo kikuu huko Uingereza. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, na Nobeli ikamfikia mwaka 2021. Miaka 34! Katikati hapo aliamka asubuhi akaenda kazini kama baba wa nyumba nyingine yoyote. Mimi asubuhi nauza vocha na soda, na saa kumi na moja alfajiri, kabla sijafungua kibanda, naandika ukurasa mmoja. Kibanda hakininyimi uandishi. Kibanda ndicho kilichonipa kiburi cha kusema hapana kwa laki tatu. Mwenye njaa hasomi mkataba, anasaini.

Hilo ndilo nililolipata kubwa kuliko yote mwaka mzima, na nataka kila anayeandika alishike: uhuru wa kukataa hauji na kipaji. Unakuja na unga ndani ya nyumba na ujuzi wa kile unachokiuza. Ndiyo maana wanapenda tuwe chipukizi. Chipukizi hana unga wala hajui.

Msinielewe vibaya. Sisemi kila kazi ilipwe fedha. Jarida hili mnalolishika halina fedha, na wahariri wake wanatuambia hivyo mapema, mchana kweupe. Makala inabaki ya mwandishi, na hasara tunagawana wote. Huko ni kujitolea, nami nimejitolea kwa hiari yangu. Sisemi pia kwamba hakuna milango halali. Ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023. Ipo ile ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Hizo zinatoa fedha taslimu kwa kazi iliyoshinda. Pelekeni miswada. Ila masharti ya shindano lolote yasomeni mpaka mstari wa mwisho, maana yapo pia mashindano ambayo hata aliyeshindwa anaacha haki zake mlangoni.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Wachapishaji, wekeni mkataba mezani siku saba kabla ya kalamu. Walimu wa Kiswahili, mkimaliza fani na maudhui tengeni kipindi kimoja, kimoja tu, mwambieni mwanafunzi hakimiliki ni nini. Wazee wetu mlioandika kabla yetu, mkitualika semina msitufundishe tena "uandishi ni wito". Tuonyesheni mikataba yenu, ile mizuri na ile iliyowaliza. Hapo tutakuwa tumerithi kitu.

Nasi vijana, tuambiane bei. Mwenzako akikuuliza umelipwa ngapi, mjibu. Siri zetu ndizo mtaji wao. Mswada wangu bado uko mezani, na wiki ijayo unakwenda kwa mchapishaji mwingine ukiwa na barua fupi. Barua hiyo inasema jina la riwaya, idadi ya kurasa, na inahusu nini. Neno chipukizi halimo.