Urithi si Laana

Hapa Goma, kabla ya mahari kupelekwa, wazee huuliza habari za jamaa ile nyingine. Wakisikia kwamba shangazi mmoja alipatwa na wazimu, mara nyingi uchumba huvunjika. Husema, "Jamaa ile ina laana." Nao wenye mgonjwa humficha katika chumba cha nyuma, ili binti zao wapate kuolewa. Mimi naona hili ni kosa, nalo huwaumiza wengi.

Magonjwa ninayoyasema ni mawili. La kwanza ni skizofrenia. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au huamini kwamba watu wanamwinda. La pili ni bipola. Kwa muda mgonjwa huwa na nguvu nyingi, halali, husema bila kupumzika, hutapanya fedha. Halafu hushuka katika huzuni nzito, hata kutamani kufa.

Je, magonjwa haya hurithiwa? Ndiyo, kwa sehemu. Tusifiche. Jirani zetu wa Uganda wamelichunguza swali hili. Daktari Dickens Akena wa Chuo Kikuu cha Makerere aliongoza upande wa Uganda wa kazi iitwayo NeuroGAP-Psychosis, pamoja na wenzake wa Kenya, Ethiopia, Afrika Kusini na Marekani. Walikusudia kupata watu 34,000, nusu wagonjwa na nusu wazima. Kila mtu alitoa mate kidogo, ili jeni zake zisomwe. Jeni ni maagizo madogo ndani ya mwili, tunayopokea kwa baba na mama. Kazi hiyo ilihitajika, kwa sababu uchunguzi wa zamani ulifanywa hasa kwa watu wa asili ya Ulaya, na Waafrika walisahauliwa.

Sasa sikiliza vizuri. Mwaka 2022 wataalamu wa nchi nyingi walitangaza kwamba wameona sehemu 287 za urithi zinazohusika na skizofrenia. Kila moja huongeza hatari kidogo tu, na nyingi kati yake zimo ndani ya watu wazima pia, mimi na wewe. Basi ni nani atakayesema kwamba jamaa yake ni safi?

Tena, katika watoto 100 wenye mzazi mmoja mgonjwa wa skizofrenia, karibu 90 hawaupati ugonjwa huo. Urithi ni kama mbegu. Maharagwe yakianguka juu ya mawe ya Nyiragongo hayaoti kama katika udongo wa Masisi. Bangi nyingi na mateso makubwa ya maisha huweza kuutayarisha udongo kwa mbegu hiyo.

Wako watakaosema, "Hata hivyo ni pepo." Nami nawauliza: mwaka 1949 Daktari John Cade wa Australia alionyesha kwamba chumvi ya lithiamu huwatuliza wagonjwa wenye wazimu wa kuchangamka kupita kiasi. Je, pepo hutulizwa na chumvi? Na wanafunzi walipotaka kujua ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu, Bwana hakukubali kuwahukumu wazazi wake.

Basi tufanye nini? Tuombe, lakini tusimfunge mgonjwa kamba, wala tusimpige. Tumpeleke mapema kwa daktari. Hapa Goma kiko kituo cha Tulizo Letu, kinachotunza wagonjwa wa akili. Asiache dawa ghafula kwa kuwa amepata nafuu, wala kwa kuwa ameombewa. Mwenye bipola asikeshe usiku kucha katika maombi, kwa maana kukosa usingizi huweza kuuamsha ugonjwa. Atumiaye lithiamu asifunge bila kunywa maji, maana dawa huweza kuzidi mwilini na kumdhuru. Mchungaji na amruhusu kusali mchana, kisha akalale.

Na ninyi wazee, mnapouliza habari za uchumba, ulizeni hivi: jamaa hii humtunzaje mgonjwa wake? Nyumba inayomwosha mgonjwa, kumlisha na kumpa dawa zake kila siku ni nyumba njema ya kuoa binti.