Kinga ya Fangasi Ianzie Dirishani pa Dawa

Mkulima wa mpunga wa Chita, katika bonde la Kilombero, aweza kupewa antibayotiki kwa sababu ya kikohozi, na kabla dozi haijaisha akaanza kuwashwa ukeni na kutokwa na uchafu mweupe mzito. Kwa kuwa hakuonywa, humshuku mumewe, au huikatiza dawa kwa siri. Madhara yote mawili yangeepukika kwa maneno machache.

Fangasi aitwaye kandida huishi katika miili ya watu wengi bila kuwadhuru, kwa kuwa bakteria wema humzuia asizidi. Antibayotiki haibagui: huua bakteria wa maradhi pamoja na walinzi hao, na fangasi hupata nafasi. Wajawazito, wenye kisukari kisichodhibitiwa na wenye upungufu wa kinga wamo hatarini zaidi.

Kinga ya kwanza, basi, ni kutotoa antibayotiki isiyohitajika. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa mwaka 2014, uliwachunguza watoto 1,005 wenye homa. Asilimia 70.5 walikuwa na maradhi ya virusi. Wenye maradhi ya bakteria walikuwa asilimia 22 tu. Hao walikuwa watoto, lakini funzo lafaa kwa wote: kipimo cha malaria kisipoonyesha vimelea, hilo pekee si sababu ya kutoa antibayotiki.

Kinga ya pili ni kauli ya mtoa dawa. Amweleze mgonjwa kwamba muwasho ukitokea asikatize dozi, bali arudi kituoni. Naye mwanamke apatwaye na fangasi kila atumiapo antibayotiki aseme mapema, kwani daktari aweza kumwandikia dawa ya kuzuia. Mjamzito asimeze dawa yoyote ya fangasi bila idhini ya daktari.

Nyumbani, uke usioshwe ndani kwa sabuni wala ndimu. Kuosha nje kwa maji safi kwatosha. Nguo za ndani za pamba zisizobana hufaa, na zilizolowa shambani zibadilishwe mapema. Maziwa mgando ni chakula chema, ila ushahidi kwamba huzuia fangasi ni dhaifu, nayo yasitiwe ukeni.

Lililo baya zaidi ni kununua metronidazoli kwa kubahatisha. Hiyo nayo ni antibayotiki. Haiui fangasi, na yaweza kuuzidisha muwasho. Uchafu wenye harufu mbaya, homa au maumivu chini ya kitovu huweza kuashiria ugonjwa mwingine, hivyo mgonjwa apimwe.

Watakuwapo watakaosema kwamba foleni ni ndefu na muda hautoshi. Lakini onyo hilo halimalizi dakika moja, ilhali ukimya humrudisha mgonjwa yuleyule foleni akiwa na maradhi mawili badala ya moja. Kila anayetoa antibayotiki na alihesabu onyo hilo kuwa sehemu ya dozi.