Mwimbaji na Mambo ya Siasa

Wengi husema: «Mwimbaji aimbe, siasa awaachie wanasiasa.» Neno hili laonekana kuwa la busara, lakini katika inchi yetu halikupata kufuatwa.

Mwezi wa Januari 1960, viongozi wetu walipokutana Bruxelles kwenye Meza ya Duara, Joseph Kabasele na wenzake wa African Jazz walikuwako. Huko ndiko ulikozaliwa wimbo wa Indépendance Cha Cha. Ndani yake walitajwa viongozi na vyama vilivyoshindana, hata yeye asiyejua kusoma akapata kujua ni nani waliokwenda kusema kwa ajili yake. Ni nani leo anayesikitika kwamba Kabasele hakunyamaza?

Jambo la Franco Luambo ni gumu zaidi. Mwaka 1978 alitiwa kifungoni kwa ajili ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa za aibu. Mwaka 1984 akatoa santuri ya kumtaka Mobutu, naye Mobutu alisimama peke yake katika uchaguzi ule. Mahali ambapo mtu hawezi kusema «la», «ndiyo» yake haina uzito.

Siku hizi liko jambo linalonisumbua kuliko hofu, nalo ni feza. Nyimbo hunakiliwa bila ruhusa, haki ya mtunzi hailipwi inavyopasa, na watoto nyumbani wataka kula. Basi mwimbaji «hutupa libanga», yaani hutaja katika wimbo jina la mkubwa au la tajiri, naye hulipa. Siwezi kumhukumu sana baba mwenye jamaa. Lakini siku za uchaguzi zikifika, msikilizaji atatambuaje kama hayo ni mawazo ya mwimbaji, ama ni maneno yaliyonunuliwa? (Mwalimu angefanya vivyo hivyo darasani, wazazi wangemfukuza, tena kwa haki.) Wakongo wengine wa Ulaya wamekasirika hata kuwazuia waimbaji wasipande jukwaani. Februari 2020, siku Fally Ipupa alipoimba Paris, moto uliwashwa karibu na Gare de Lyon. Kuchoma pikipiki za watu wasiohusika si jibu.

Naye asiyemsifu mkubwa hupata taabu yake. Novemba 2020 Tshala Muana alikamatwa Kinshasa kwa wimbo wake Ingratitude, ambao wengi waliuona wamsema Rais, ingawa haumtaji, kisha akaachiliwa. Mwaka 2021 kundi la MPR lilikatazwa wimbo Nini Tosali Te, uliolalamikia umaskini wa wananchi. Watu wakapiga kelele, na katazo likaondolewa.

Mimi naona mwimbaji aseme, maana naye ni mwananchi mwenye kura. Ila kama amelipwa, atangaze ni nani aliyemlipa. Na ninyi vijana mnaouliza kama yafaa kuimba nyimbo za vyama katika sikukuu ya shule, nawajibu hapana: wengi wenu hamjatimiza miaka 18 ya kupiga kura, na wazazi watakaoketi mbele yenu ni watu wa vyama vyote.