Jina la Kikoa Lichunguzwe Kabla ya Kulipiwa

Katika kata ya Chikongola, hapa Manispaa ya Mtwara-Mikindani, hakuna mwenye akili timamu anunuaye kiwanja kabla ya kuwauliza majirani mipaka yake, kumwendea mwenyekiti wa mtaa kujua kama kina mgogoro, na kuzitazama hati kwa macho yake mwenyewe. Lakini mtu huyo huyo, akitaka biashara yake ya korosho ijulikane kwenye intaneti, humkabidhi fedha kijana ajuaye kompyuta, humwachia hiari ya kuchagua jina la kikoa, kisha huenda zake akiamini kuwa shughuli imekamilika. Mwenendo huu naukataza kwa moyo wangu wote, hasa kwa kuwa uchunguzi unaotakiwa hauna gharama ila bando la simu na saa chache za subira.

Yafaa kwanza ifahamike ni kitu gani kinacholipiwa. Kompyuta hutambuana kwa namba, na majina yamewekwa kwa ajili yetu wanadamu tusioweza kuzihifadhi namba hizo. Hapo awali majina yote ya mtandao uliotangulia intaneti yaliandikwa katika orodha moja tu, iliyotunzwa California, hata ilipokuwa ndefu kupita kiasi mwanachuoni Paul Mockapetris akabuni, mwaka 1983, utaratibu wa kuyagawa majina katika vikoa, kila kikoa na daftari lake. Tanzania ilipewa kikoa cha .tz mwaka 1995, na mwaka 2006 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikishirikiana na chama cha watoa huduma za intaneti, iliunda taasisi ya tzNIC ili ilisimamie daftari hilo. Jina litokalo katika daftari kama hilo haliwi milki ya mtu daima dumu; ni ijara ya mwaka mmoja au miaka kadhaa, na muda ukipita bila kulipiwa, hurudi sokoni. Kwa majina ya .com, kwa mfano, aliyepitiwa na tarehe hupewa siku 30 za kulikomboa jina kwa malipo ya ziada baada ya kufutwa kwake, kisha siku 5 za mwisho ambazo halikomboleki tena, na baada ya hapo yeyote alitakaye hulichukua.

Basi madaftari haya, kwa bahati njema, yana milango ya maulizo iliyo wazi kwa watu wote bila ada, na mlango mashuhuri miongoni mwake huitwa Whois. Ukiandika jina unalolitaka, utajibiwa kama lipo huru au limeshikwa, lilisajiliwa lini, litakoma lini, na wakala gani aliyelisajili. Wengi hutosheka na jibu la kwanza, ilhali tarehe ndizo zenye habari: jina lililosajiliwa miaka mingi na kuhuishwa kila mwaka lina mwenye kulithamini, na lile linalokaribia kikomo pengine limetelekezwa. Likionekana huru, usifanye haraka ya kufurahi. Liulizie pia katika hifadhi ya kurasa kongwe za Internet Archive, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, uone kama liliwahi kutumiwa na nani, maana jina lililokuwa jana la matapeli au la michezo ya kamari huja na sifa yake mbaya, na barua pepe zako huenda zikatupwa pamoja na takataka kabla mnunuzi wa Mumbai hajazisoma.

Fauka ya hayo, daftari la vikoa halijui habari za alama za biashara. Jina laweza kuwa huru kwenye Whois na likawa na mwenyewe kwa sheria, na hapo ndipo wafanyabiashara wetu hujikwaa. Kampuni ya Disney ilisajili nchini Marekani, mwaka 2003, maneno ya Kiswahili “Hakuna Matata” yawe alama yake katika mavazi, na mwaka 2018 watu kwa maelfu mengi walitia saini ombi la kuipinga. Lakini kilio kilikuja miaka kumi na mitano baada ya hati kutolewa. Mtu asiyependa kufikwa na hayo na apekue kwanza orodha za wakala wetu wa usajili wa biashara, BRELA, kisha hazina ya alama iliyowekwa wazi bure na shirika la kimataifa la milki bunifu, WIPO, ambamo alama za nchi nyingi hutafutwa kwa pamoja.

Kuna programu nyingine zidaizo kukubunia jina lenyewe: unaipa neno moja, nayo inakurundikia majina mia. Hizi sizikatai, bali nasema wazi kuwa aghalabu zimefunzwa Kiingereza, na Kiswahili kinapozifikia hugeuka mkorogo usiotamkika. Haziwezi kukuambia kuwa jina la kikoa halipokei kibainishi, hivyo korosho “ing'aayo” itaandikwa “ingaayo” na msomaji asijue alisomeje. Haziwezi kukuambia kuwa mto wetu huandikwa Ruvuma upande huu na Rovuma ng'ambo ya Msumbiji, na kwamba mteja wa Palma atakutafuta kwa herufi zake, si kwa zako. Wala haziwezi kujua kuwa ndimi zetu wengi huku kusini hupishanisha r na l, ikawa jina lililotajwa kwenye simu laandikwa kwa namna mbili. Kwa uchunguzi wa namna hii hapana chombo kilicho bora kuliko sikio: litamke jina mbele ya mchuuzi wa samaki, dereva wa bodaboda na mwanafunzi, waombe waliandike, na kama wameliandika mbalimbali, liache utafute jingine. Herufi 63 zinaruhusiwa kati ya nukta na nukta. Mimi naona kumi na mbili zatosha.

Katika kuchagua baina ya .com na .co.tz, rai yangu ni kwamba cha kwetu kitangulie. Daftari lake liko chini ya mamlaka ya nchi tunayoweza kuiendea kwa ardhilhali, majina mazuri ya Kiswahili bado yamo humo kwa wingi, na mnunuzi aonapo .tz hujua bidhaa yatoka wapi. Mwenye uwezo na ashike yote mawili.

Lakini hadhari. Jina likikupendeza baada ya uchunguzi wote, usiliulizie tena na tena kwa wauzaji huku ukiahirisha malipo. Mwaka 2008 kampuni ya Marekani, Network Solutions, ilibainika kuwa ikiyashika kwa siku kadhaa majina yaliyoulizwa kwenye tovuti yake, ili muulizaji asiweze kuyanunua kwingine. Na ukishalipa, rudi kwenye daftari ulisome upya, maana jambo kubwa kuliko yote ni jina la mwenye kusajiliwa. Tangu sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu ianze kutumika mwaka 2018, madaftari mengi huficha majina ya watu binafsi; kwa hiyo mtake wakala akuthibitishie kwa maandishi kuwa mwenye jina ni wewe, na kwamba barua pepe ya kuonywa kabla ya kikomo ni yako, si ya kijana aliyekufanyia kazi na ambaye mwakani huenda akahamia Dar es Salaam.

Msimu wa korosho hufunguliwa kila Oktoba, na kabla yake vyama vya msingi vya ushirika hukutana. Naomba kila chama chenye tovuti, au chenye nia ya kuwa nayo, kiweke katika ajenda maswali matatu, na katibu ayajibu mbele ya wanachama kutoka katika daftari lenyewe, simu ikiwa mkononi: jina letu limesajiliwa kwa nani, anwani ya maonyo ni ya nani, na ijara yake inakoma tarehe gani.