Jangwa la Sibiloi Ni Letu Pia

Wanafunzi wenzangu, wengine husema, "Sisi wa Kabuchai tuna mvua na mahindi, jangwa latuhusu nini?" Wamekosea! Mbuga ya Sibiloi, kando ya Ziwa Turkana, ilitengwa mwaka wa 1973. Huko Koobi Fora ndiko Mkenya Bernard Ngeneo alikovumbua, mwaka wa 1972, fuvu lenye umri wa karibu miaka milioni 2. Mwaka wa 2018, UNESCO ilizitia mbuga za ziwa hilo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ukame ukizidi, wafugaji huingiza mifugo humo. Je, tuwafukuze tu? La hasha! Mtoto wa mfugaji asomeshwe, aajiriwe askari wa mbuga, naye ataitunza kama boma lao. Chama chetu kianze: kila mwanachama atoe kitabu kimoja kwa shule za huko. Mwacha asili ni mtumwa.