MAJI YAVUJAYO KWA ZAMU: SAA ZA KUTAFUTA NI KAZI, NAZO ZILIPWE



Katika majengo ya mji wetu, tangu katikati ya Nairobi mpaka Westlands, Upper Hill na Kilimani, na huku kwetu Kawangware na Satellite, kuna ugonjwa mmoja ambao kila mfagiaji, kila askari wa usiku na kila fundi wa bomba aujua. Maji yavuja leo, kesho pakavu. Fundi akiitwa haoni kitu. Akiisha kwenda, dari yalowa tena. Mwenye jumba akasirika, ajenti wake aandika barua kali, na mwisho wake kinachotafutwa si maji tena, bali ni mtu wa kulaumiwa.

Sisi twasema wazi: maji yavujayo kwa zamu hayana uchawi. Yana saa yake na yana sababu yake. Hupatikana kwa kutafutwa, na kutafuta ni kazi kama kazi nyingine. Ni haki kazi hiyo ilipwe, na si haki mfanyakazi akatwe mshahara kwa sababu hakuna aliyetaka kuilipia.

KWA NINI YAJA NA KWENDA

Jengo kubwa lina maji ya namna nyingi, na kila namna ina tabia yake.

Maji safi ya bomba husukumwa mchana na usiku. Bomba hilo likitoboka huvuja hata kama hakuna mtu ndani ya jengo, na mara nyingi huvuja zaidi usiku, kwa maana bilula zikifungwa zote nguvu ya maji hupanda. Maji machafu hayasukumwi. Hushuka tu yanapomwagwa. Bomba lake likiwa na ufa litavuja saa ya chakula cha mchana, vyoo vinapotumika sana, na Jumapili litakuwa kavu kabisa. Maji ya mvua huja Machi mpaka Mei na tena Oktoba mpaka Desemba, na pengine huingia tu mvua ikipigwa na upepo wa upande mmoja. Mashine za kupoza hewa hutoa maji siku za joto, na mpira wa kuyatoa ukiziba, maji hufurika juu ya dari. Bomba la maji moto hutanuka likipata joto na kunywea likipoa, basi maungio yake yaweza kuvuja alfajiri na kukaza baadaye.

Hapa Nairobi kuna jambo jingine zaidi. Tangu bwawa la Sasumua limalizwe mwaka 1956 na lile la Ndakaini mwaka 1994, watu wa mji wameongezeka kuliko maji. Mgawo wa maji ulianza Januari 2017, na majengo mengi hupata maji kwa siku za zamu. Siku isiyo ya zamu bomba la kuingilia huwa tupu, limejaa hewa. Maji yakirudi husukuma ile hewa kwa kishindo, na maungio dhaifu hutikisika. Ndiyo maana jengo laweza kukaa kavu siku nne na kulowa siku moja.

Tuchukue mfano. Jengo lina orofa 6, maduka chini na ofisi juu. Dari ya duka moja yalowa kila Jumatano asubuhi. Fundi aitwa, afika saa nne, akuta vyoo vyote vizima. Abadilisha mipira miwili ya bilula, alipwa, aenda zake. Jumatano ya pili palowa tena. Kumbe sababu iko juu ya paa. Jumanne usiku ndiyo zamu ya maji. Pampu yajaza tangi la juu. Boya la tangi limechakaa, halifungi. Tangi lafurika, maji yashuka kwa ile njia ya mabomba, yafuata boriti, na kutokeza katika dari ya duka, mbali kabisa na mahali yalipotoka. Kufika saa nne tangi limekwisha kupungua na paa limekauka kwa jua. Aliyeweza kusema ni askari wa usiku, aliyesikia maji yakimwagika saa nane ya usiku. Hakuna aliyemwuliza.

Mfano huo wafundisha mambo mawili. La kwanza, doa la maji halionyeshi mahali pa kuvuja. Maji hufuata boriti, paipu za stima na ufa wa zege. La pili, ushahidi mara nyingi uko kwa mtu wa mshahara mdogo, aliyekuwapo saa ambayo wakubwa wamelala.

JINSI YA KUTAFUTA

Fundi mzuri haanzi na nyundo. Aanza na daftari.

1. Kila mara maji yanapoonekana, yaandikwe: siku, saa, mahali, kama kulinyesha, kama ni zamu ya maji, kama pampu ilikuwa yafanya kazi. Doa lizungushiwe penseli na kuandikwa tarehe, ionekane kama lakua.

2. Mita isomwe jioni watu wakiisha kwenda, na isomwe tena asubuhi kabla hawajafika. Pampu na tangi la juu vifungwe kwanza, ama sivyo tangi likijaa mita itazunguka bure na kutudanganya. Mita ikitembea wakati kila kitu kimefungwa, maji safi yavuja mahali.

3. Rangi ya chakula itiwe katika tangi la choo, na mtu angoje bila kuvuta maji. Rangi ikishuka bakulini, mpira wa ndani haushiki.

4. Maungio yakaushwe na kuzungushiwa karatasi laini. Karatasi hulowa hata kwa tone ambalo jicho halikuliona.

5. Jaribio liwe moja kwa wakati mmoja, na baada yake kungojwe. Fundi akibadilisha vitu vitano siku moja na maji yakakoma, hajui ni kipi kilichokuwa kibovu, na yakirudi ataanza upya.

Siku hizi wengine huleta kamera ya joto. Ni chombo kizuri, lakini hakioni maji. Huona tofauti ya joto tu, maana mahali penye maji yanayokauka huwa baridi. Kikiletwa siku ambayo pakavu hakitaonyesha kitu. Hakuna chombo kinachoshinda mtu aliyekuwapo saa ile ile.

HOJA YA MATAJIRI

Wako wenye majumba wasemao, "Mimi nalipa fundi atengeneze, silipi mtu akae atazame dari." Hoja hii yataka jibu, kwa kuwa si kila asemaye hivyo ni mtu mbaya; kweli wako watu ambao wangekaa bure.

Jibu letu ni hili. Fundi alipwaye kwa kila alichobadilisha atabadilisha kitu, kwa maana watoto wake hawali saa za kungoja. Atapiga plasta, atapaka rangi, ataondoka. Tajiri atalipa plasta ile ile mara ya pili na ya tatu, na juu yake atalipa maji, kwa kuwa yote yaliyokwisha kupita mita ni deni lake. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Wakubwa hupenda kutuambia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini kwanza ufa ujulikane uko wapi. Kuziba mahali pasipovuja si akiba.

Nasi hatutaki saa zisizo na hesabu. Fundi alipwe saa za kutafuta, na kila saa aandike alichojaribu na alichokiona. Hata asipopata, daftari litaonyesha ni wapi hapana ubovu, na hilo lina faida kwa atakayefuata.

SHERIA YASEMAJE

Mfagiaji akiambiwa, "Wewe uliacha bilula wazi, tutakukata mshahara," asitie sahihi karatasi yo yote kwa hofu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi amefanya kosa hilo kwa kusudi. Bomba bovu ndani ya ukuta si kusudi la mfagiaji. Na makato yote pamoja hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Akitishwa kufukuzwa kwa kosa, kifungu cha 41 chataka aelezwe kosa lake kwa lugha anayoifahamu, na awe na mwenziwe au mjumbe wa chama mbele yake. Mwite mjumbe wako kabla ya kujibu.

Tena kuna hatari ya mwili. Maji yakiingia katika taa za dari, usiguse swichi wala usipande ngazi. Mwambie mkubwa wa kazi, stima izimwe kwanza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo 2007 yampa tajiri wajibu wa kulinda usalama wako kazini. Dari iliyolowa yaweza kuanguka. Ndoo iwekwe na watu waondolewe chini yake.

TUNAYOTAKA, NA WAJIBU WETU

Twawataka wenye majumba na maajenti wao wafanye mambo matatu. Kila jengo liwe na daftari la maji, likae mlangoni kwa askari, na kila mfanyakazi awe na ruhusa ya kuandika, hata yule wa kampuni ya kandarasi. Saa za kutafuta zilipwe mbali na saa za kutengeneza. Na asikatwe mtu kabla sababu ya maji haijapatikana na kuonyeshwa.

Kwa upande wetu, fundi asifunge dari siku ile ile ili mradi apate fedha. Angoje mpaka zamu ya maji ipite, au mvua inyeshe, ndipo afunge. Mfagiaji asipanguse maji akanyamaza. Askari akisikia maji usiku, aandike saa. Asiyejua kuandika amwambie mwenziwe amwandikie, wala asione haya.

Twakata kauli. Mjumbe wa kila jengo anunue daftari moja wiki hii, asingoje mwenye jumba. Siku ya lawama ikija, mwenye tarehe na saa mkononi ndiye atakayesikilizwa.

Umoja ni nguvu.